Kusoma Namba za Glezi: Resipi, Asilimia, Moli na Fomula ya Seger

Glezi moja, yaani tabaka la kioo linalofunika chombo cha udongo, inaweza kuandikwa kwa namna nne, na kila namna ikatoa namba yake ya silika: 30 kwenye resipi, 67.4 kwenye uchanganuzi wa oksaidi, 72.5 kwenye asilimia ya moli, na 3.71 kwenye fomula ya Seger. Zote nne ni sahihi. Matatizo huanza pale mfinyanzi anapoichukua namba ya mfumo mmoja na kuipima kwa namba ya mfumo mwingine, akashangaa kwamba glezi ambayo kwenye karatasi inafanana na ile anayoitaka imetoka tanurini ikiwa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama namba ni kubwa au ndogo, uliza kwanza ni sehemu ya nini: ya unga mkavu uliopimwa kwenye mizani, ya oksaidi zinazobaki baada ya moto, ya idadi ya molekuli zote, au ya molekuli za viyeyushi (oksaidi zinazoisaidia silika iyeyuke) peke yake.

Katika maelezo haya nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni resipi ya koni 10 (koni ni kipimo cha moto wa tanuri) inayojulikana sana miongoni mwa wafinyanzi kwa sababu ni rahisi kukumbuka: feldspa ya potasi 40, silika 30, kalsiamu kabonati 20, kaolini 10. Nitachukulia kwamba malighafi zote ni safi kama fomula zake zinavyosema, jambo ambalo halitokei katika malighafi halisi, lakini linaiweka hesabu wazi.

Resipi: sehemu za uzito mkavu

Namba za resipi hazina kizio cha lazima. Arobaini ya feldspa inaweza kuwa gramu 40 kwa kipande cha majaribio au kilo 40 kwa pipa zima. Kinachobaki vilevile ni uwiano. Kwa desturi glezi ya msingi hujumlishwa hadi 100, kisha rangi na vitu vya kuondoa uangavu huandikwa chini yake kama nyongeza. Ndiyo maana resipi yetu ikiongezewa oksaidi ya chuma 8 itafika 108, na wala hilo si kosa la hesabu. Programu ya kompyuta inaweza kuirudisha jumla hiyo kwenye 100, na hapo chuma kitasomeka 7.41 na silika 27.78, ingawa glezi haijabadilika hata kidogo. Mwandishi mwingine ataandika chuma 8 ndani ya jumla ya 100, maana yake msingi wake ni 92 tu, na chuma chake ni 8.7 kwa kila 100 za msingi. Katika glezi inayotegemea chuma kwa rangi na umbile lake, tofauti kati ya 7.4, 8 na 8.7 si ya kupuuzwa. Kwa kobalti ya 0.5, tofauti ya namna hiyo ni ndogo kuliko makosa ya mizani nyingi.

Basi jumlisha resipi yoyote kabla ya kuipima. Ikitoka 100, angalia kama rangi zimo ndani ya jumla au la. Ikizidi, tenga nyongeza uone kama msingi unabaki 100. Ikipungua, tuseme 90 au 95, kuna uwezekano mkubwa kwamba mstari mmoja umeachwa wakati wa kunakili, na hakuna programu itakayokuambia ni upi.

Asilimia ya oksaidi, na kile kinachopotea kwenye moto

Karatasi ya maelezo inayotoka kwa muuza malighafi huorodhesha oksaidi kwa asilimia ya uzito. Kaolini safi, kwa mfano, husomeka SiO2 (silika) 46.5, Al2O3 (alumina) 39.5 na LOI 14.0. Herufi hizo tatu za mwisho husimama kwa uzito unaotoweka wakati wa kuchoma, ambao kwa kaolini ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Kalsiamu kabonati hupoteza zaidi: karibu 44 kwa kila 100 huondoka kama gesi ya kabonidayoksaidi, na inayobaki kuingia kwenye glezi ni CaO (chokaa) ya 56 tu. Mtu anayedhani kwamba sehemu 20 za kabonati ni sehemu 20 za chokaa ndani ya glezi amekosea kwa karibu nusu.

Ugumu ni kwamba si kila karatasi huandikwa kwa msingi mmoja. Nyingine hutoa uchanganuzi kana kwamba malighafi imekwisha kuchomwa, na hapo kaolini ile ile husomeka SiO2 54.1 na Al2O3 45.9. Njia ya kutambua ni kujumlisha. Oksaidi pamoja na LOI zikifika takriban 100, msingi ni malighafi jinsi ilivyo mfukoni. Oksaidi peke yake zikifika 100 huku LOI imeandikwa kando, msingi ni malighafi iliyochomwa, na kila namba inabidi izidishwe kwa 100 ukitoa LOI, kisha igawanywe kwa 100, kabla ya kuingia kwenye hesabu ya resipi. Kwa kaolini hiyo, 54.1 mara 86 gawanya kwa 100 inatupa 46.5, na tumerudi pale pale. Jumla ya 99.6 au 100.3 isikutie wasiwasi. Jumla ya 86 bila maelezo yoyote inapaswa kukusimamisha.

Ifahamike pia kwamba oksaidi hizi ni lugha ya kuhesabia. Ndani ya feldspa hakuna chembe za potasi zilizokaa kando na chembe za alumina. Kuna madini moja, na oksaidi ni namna ya kuandika kile ambacho madini hayo yataleta kwenye kioo yakishayeyuka.

Kwa nini moli

Ndani ya kioo kilichoyeyuka, kinachoamua tabia ya glezi ni idadi ya chembe zaidi kuliko uzito wake, na oksaidi hutofautiana mno kwa uzito. Moli ni idadi maalumu ya molekuli, ile ile kwa kila oksaidi: moli moja ya MgO ina gramu 40.3, ya BaO ina gramu 153.3. Gramu kumi za magnesiamu oksaidi basi zina molekuli mara 3.8 ya zile zilizomo katika gramu kumi za bariamu oksaidi, na anayebadilisha moja kwa nyingine kwa uzito sawa hajafanya mabadiliko sawa hata kidogo.

Ili kupata moli, gawa uzito kwa uzito wa molekuli. Kwa mfano wetu tunahitaji namba chache tu: SiO2 ni 60.08, Al2O3 ni 102.0, K2O (potasi) ni 94.2, CaO ni 56.1. Kwa upande wa malighafi, feldspa ya potasi (K2O·Al2O3·6SiO2) ni 556.7, kalsiamu kabonati 100.1, na kaolini (Al2O3·2SiO2·2H2O) 258.2.

Sasa hesabu yenyewe. Gramu 40 za feldspa ukigawa kwa 556.7 unapata moli 0.0719 za feldspa. Kila moli yake huleta moli moja ya K2O, moja ya Al2O3 na sita za SiO2, yaani 0.0719, 0.0719 na 0.4311. Gramu 30 za silika ni moli 0.4993. Gramu 20 za kabonati huleta CaO ya moli 0.1998. Gramu 10 za kaolini ni moli 0.0387, ambazo huleta Al2O3 0.0387 na SiO2 mara mbili yake, 0.0775. Ukikusanya kila oksaidi mahali pake unapata safu ya kwanza ya jedwali hili, na safu nyingine zote hutokana na hiyo:

| Oksaidi | Moli katika gramu 100 za resipi | Asilimia ya uzito baada ya kuchoma | Asilimia ya moli | Fomula ya Seger |
|---|---|---|---|---|
| K2O | 0.0719 | 7.5 | 5.2 | 0.26 |
| CaO | 0.1998 | 12.5 | 14.4 | 0.74 |
| Al2O3 | 0.1106 | 12.6 | 8.0 | 0.41 |
| SiO2 | 1.0079 | 67.4 | 72.5 | 3.71 |

Safu ya uzito imehesabiwa kutoka gramu 89.8, kwa kuwa gramu 10.2 kati ya 100 zimetoka kwenye moshi kama maji na gesi. Safu ya asilimia ya moli inafika 100.1, na hiyo ni kazi ya kukadiria desimali tu. Tazama CaO na Al2O3: kwa uzito zinalingana karibu kabisa, 12.5 na 12.6, lakini kwa moli CaO inakaribia kuwa maradufu ya alumina. Hapo ndipo mtu anayesoma uzito peke yake hupotoshwa.

Fomula ya Seger

Hermann Seger, mkemia Mjerumani aliyeishi kati ya 1839 na 1893, ndiye aliyewaachia wafinyanzi namna hii ya kuandika, na ndiye pia aliyebuni koni za kupimia moto wa tanuri. Mfumo wake huzigawa oksaidi katika makundi matatu. La kwanza ni viyeyushi, yaani oksaidi zinazoisaidia silika iyeyuke: K2O, Na2O na Li2O, ambazo huandikwa kwa jumla R2O, pamoja na CaO, MgO, ZnO, BaO na SrO, ambazo huandikwa RO. La pili ni R2O3, ambamo alumina ndiyo mwenyeji mkuu. La tatu ni RO2, nalo ni hasa silika. Moli za kundi la kwanza hujumlishwa, kisha kila namba ya glezi hugawanywa kwa jumla hiyo, ili viyeyushi vyote kwa pamoja viwe 1.

Katika mfano wetu, 0.0719 na 0.1998 ni 0.2717. Gawa kila kitu kwa 0.2717 na safu ya mwisho ya jedwali imepatikana. Inasomeka hivi: kwa kila molekuli moja ya kiyeyushi, ambayo robo na kidogo zaidi ni potasi na iliyobaki ni chokaa, kuna alumina 0.41 na silika 3.71. Uwiano wa silika kwa alumina ni 9.1.

Faida kubwa ya mfumo huu ni kwamba unaziruhusu glezi zenye malighafi tofauti kabisa zikae kwenye mizani moja. Mwaka 1912 mtafiti wa Marekani, R. T. Stull, alichapisha chati ya glezi za kaure ambazo viyeyushi vyake vilibaki 0.3 ya potasi na 0.7 ya chokaa, huku silika na alumina zikibadilishwa. Mpaka kati ya glezi zisizong'aa na zinazong'aa ulijitokeza karibu na uwiano wa silika tano kwa alumina moja. Glezi yetu, yenye viyeyushi 0.26 kwa 0.74 na uwiano wa 9.1, imo ndani kabisa ya eneo la kung'aa, na ndivyo inavyotoka. Lakini chati ile ilihusu viyeyushi vile na moto ule wa koni 11. Kuipeleka moja kwa moja kwenye glezi ya koni 6 iliyojaa boroni ni kuidai jambo ambalo haikuahidi.

Kuna jambo moja katika mfumo huu ambalo huwapotosha hata wazoefu. Ongeza sehemu moja tu ya kalsiamu kabonati kwenye resipi yetu, kutoka 20 hadi 21, bila kugusa kitu kingine. Jumla ya viyeyushi inapanda hadi 0.2817, na fomula mpya inasomeka silika 3.58 na alumina 0.39. Silika imeonekana kushuka kutoka 3.71 ingawa hukuondoa hata chembe moja. Kilichobadilika ni kigawanyo. Kwa hiyo unapolinganisha fomula mbili na kuona silika na alumina zimeshuka pamoja huku uwiano wao ukibaki vilevile (hapa bado ni 9.1), usitafute silika iliyopotea, tafuta kiyeyushi kilichoongezeka. Asilimia ya moli ina tatizo hili kwa kiwango kidogo zaidi, kwani kigawanyo chake ni jumla ya oksaidi zote, na binafsi huipendelea pale ninapotaka kuona athari ya kubadilisha kitu kimoja tu. Kwa kufananisha glezi na chati au na mipaka iliyochapishwa, Seger bado haina mpinzani.

Ukikutana na fomula ambayo alumina ndiyo 1, usidhani imekosewa. Udongo na malighafi zenye viyeyushi vichache mno huandikwa hivyo, kwa sababu kugawa kwa namba iliyo karibu na sifuri huzifanya nyingine zote kuwa kubwa kupita kiasi.

Boroni na chuma: oksaidi zisizo na kiti cha kudumu

Boroni huandikwa B2O3, kwa hiyo kwa umbo la jina lake ni ya kundi la pili. Lakini kazi yake ni kuunda kioo, kama silika, na tena huyeyuka mapema kama kiyeyushi. Waandishi wengine huiweka chini ya alumina, wengine chini ya silika, wengine katika safu yake peke yake. Kwa kawaida haihesabiwi ndani ya ile 1. Kinachobadilika ni uwiano: programu moja ikijumlisha boroni na silika kabla ya kugawa kwa alumina, na nyingine isipofanya hivyo, zitatoa uwiano tofauti kwa glezi moja. Angalia utaratibu wa programu kabla ya kuiamini namba yake.

Chuma kina athari kubwa zaidi. Kama Fe2O3 kinakaa kundi la pili na hakigusi kigawanyo. Katika tanuri lenye uhaba wa oksijeni hugeuka FeO, ambacho ni kiyeyushi, na anayekihesabu hivyo hukitia ndani ya ile 1. Chukua resipi yetu yenye nyongeza ya chuma 8. Hiyo ni moli 0.0501 za Fe2O3, au 0.1002 za FeO. Kikihesabiwa kama FeO, jumla ya viyeyushi ni 0.3719 na silika inashuka kutoka 3.71 hadi 2.71. Ni ndoo ile ile ya glezi na mizani ile ile; kilichohama ni mstari mmoja kutoka kundi moja kwenda jingine.

Desimali ngapi zinatosha

Programu zitakupa 0.4071 kwa furaha. Je, tarakimu ya nne ina maana yoyote? Ukiongeza gramu moja ya kaolini kwenye gramu 100 za resipi yetu, alumina hupanda kutoka 0.407 hadi 0.421. Hivyo badiliko la 0.001 katika fomula ni sawa na gramu 0.07 za kaolini, kiasi ambacho mizani inayosoma hadi gramu 0.1 haiwezi kukiona. Tarakimu ya nne ni pambo tu, na hata ya tatu mara nyingi humezwa na unyevu uliomo kwenye mfuko wa udongo. Andika desimali mbili kwa silika na alumina. Kwa viyeyushi vidogo vyenye nguvu, hasa lithiamu, weka tatu, kwani 0.045 ikikadiriwa kuwa 0.05 imekosewa kwa zaidi ya asilimia 10. Na makadirio yafanyike mwishoni mwa hesabu. Ukikadiria kila hatua, makosa madogo hujumlishana hadi yakaonekana.

Alama ndogo zenye madhara makubwa

Katika maandishi ya Kijerumani au Kifaransa, 3.71 huandikwa 3,71. Ukinakili namba kama hiyo kwenye programu ya majedwali iliyopangwa kusoma nukta, koma inaweza kuchukuliwa kama kitenganishi cha maelfu na ukapata 371. Kosa hilo angalau hujitangaza lenyewe.

Koni hazijitangazi. Sifuri ya mbele katika koni 06 si pambo. Hufanya kazi inayokaribia ya alama ya kutoa. Koni 06 hupinda karibu na nyuzijoto 1000 za Selsiasi, na koni 6 kati ya takriban 1220 na 1240. Mfuatano kutoka baridi kwenda moto ni 022, 021, na kuendelea hadi 02, 01, kisha 1, 2, 3. Programu ya majedwali hufuta sifuri hiyo mara tu unapoandika 06, kwa kuwa kwake namba ni namba, na orodha ya glezi iliyopangwa kwa koni huchanganya za moto mdogo na za moto mkubwa bila onyo. Ipange safu ya koni kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Namba za kutanuka kwa joto nazo zina mtego wake. Kitabu kimoja kitaandika 7.0, kingine 70, na vyote vikawa na maana moja, kwani cha kwanza kinahesabu kwa 10⁻⁶ kwa kila nyuzi na cha pili kwa 10⁻⁷. Ukiona 21 mahali ulipotarajia 7, kuna uwezekano kwamba ni kutanuka kwa ujazo badala ya kwa urefu, na cha ujazo ni takriban mara tatu. Hata vizio vikilingana, namba zilizokokotolewa kutoka fomula hutegemea orodha ya vizidishi vya kila oksaidi, na orodha hizo hutofautiana. Namba mbili zilizotoka kwenye orodha moja zinaweza kukuambia ni glezi ipi itanywea zaidi ikipoa. Zikitoka kwenye orodha mbili tofauti, zihesabu upya zote kwa orodha moja kabla ya kuzilinganisha.